Jeneza la Kuazima

Kama mnanipata mkiwa ndani ya daladala, mwombeni konda apumzishe sauti yake kidogo, maana ninayotaka kusimulia leo yameanzia Msimbazi, na huenda yeye konda ana cha kuongeza.

Jumamosi iliyopita niliingia Kariakoo kwa kazi moja tu. Binti wa dada yangu anasoma chuo, na anaandika kazi yake ya mwisho kuhusu filamu za hapa kwetu. Alinipigia simu akaniomba nimtafutie kava la filamu ya mwigizaji Steven Kanumba. Picha za kwenye simu anazo, hazitaki. Anataka kava lenyewe, ile karatasi ya kung'aa iliyokuwa ikichomekwa ndani ya plastiki ya kasha la DVD, ishikike, inuswe. "Mjomba," akaniambia, "wewe si mtoto wa Kariakoo? Utashindwaje?" Hapo aliniweza. Ukimwambia mtu aliyekulia Mtaa wa Swahili kwamba kuna kitu hakipatikani Kariakoo, umemtukana yeye na ukoo wake.

Nikapanda mwendokasi, nikashuka kituo cha Msimbazi. Nikalipita jengo la Simba kwa hatua ndefu, mimi ni Yanga na sikutaka kuonekana nazubaa pale. Nikakata kushoto, nikakata kulia, nikafika kwenye ile safu ya fremu ambako zamani, siku ya mzigo mpya, ungekuta watu wamesimama tangu alfajiri. Nikamkuta kijana mmoja nyuma ya meza ya vioo. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Una makava?"

"Yapo mzee wangu, mengi tu. Simu gani? Samsung, Tecno, Infinix?"

Nikamwambia nataka kava la filamu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa bei ya pembe ya nyati. Akageuka kwa mwenzake: "Oya, kuna mzee hapa anataka kava la muvi." Mwenzake akacheka, akasema labda namaanisha protekta.

Msikilizaji, neno ni lile lile, fremu ni ile ile, huenda hata meza ile ya vioo ni ile ile. Lakini kava limehama kutoka kwenye filamu likaenda kwenye simu, na vijana wale wala hawajui kama neno hilo liliwahi kuwa na makazi mengine. Sikukasirika. Nilisimama tu kando ya karai la machungwa ya kumenya, nikaanza kufikiria habari ya vitu. Filamu ikishatengenezwa, vitu vyake huenda wapi?

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Nairobi kwa harusi. Kesho yake wenyeji wangu, shemeji zangu, wakanipeleka mtaa wa Karen kuona nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong na kufilisika nayo. Alikuja mwaka 1914, akaondoka 1931. Aliyoyaandika kuhusu maisha hayo yakazaa filamu, *Out of Africa*, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutoka mwaka 1985, ikiwa na Meryl Streep na Robert Redford, ikabeba tuzo 7 za Oscar. Mwaka uliofuata, 1986, nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa sikilizeni utamu wake. Huyu mama alipoondoka aliuza vitu vyake. Fanicha nyingine zilichukuliwa na Lady McMillan, zikaishia kwenye ile maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi. Kwa hiyo nyumba ilipotaka kuwa makumbusho ilikuwa na vyumba, na vitu vya kutosha haikuwa navyo. Waliotengeneza filamu ndio waliosaidia kuijaza, kwa kuwaachia wenyeji sehemu ya vitu walivyovitumia wakati wa kupiga picha. Leo ukipita vyumbani mle, mtembeza wageni anakuonyesha: hiki ni cha Karen mwenyewe, hiki ni cha filamu. Hiki chake, kile cha filamu. Baada ya chumba cha pili mimi nilishachanganyikiwa, na nadhani hata mtembeza wageni aliona.

Mbele ya mavazi ya filamu walisimama watalii, mama mmoja akashika kifua. Nikajiambia, hawa wanalia kwa ajili ya nguo ya mwigizaji aliyekuja kwa miezi michache, akavaa, akavua, akaondoka. Mwenye shamba aliyepoteza kila kitu amekuwa wa pili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wala sikuwabeza. Nami nilitaka kuzigusa. Kitu kilichopita mbele ya kamera kinakuwa na mvuto wake, hata kikiwa kiatu cha mtumba.

Wenzetu Wamarekani wamelijua hilo, lakini msidhani walizaliwa wakilijua. Mwaka 1970 kampuni ya MGM, mojawapo ya studio kubwa kuliko zote wakati wake, ilifungua maghala yake ikanadi vitu: nguo, viti, mapanga, vitanda vya wafalme wa bandia. Kwao ilikuwa takataka inayokula nafasi. Viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika *The Wizard of Oz*, filamu ya mwaka 1939, jozi moja ikaenda kwa dola 15,000, na watu wakashangaa ni nani huyo mwenye wazimu. Desemba 2024 jozi nyingine ya viatu hivyo, iliyowahi kuibwa makumbusho ya huko Minnesota mwaka 2005 na kupatikana 2018, ilinadiwa kwa dola milioni 28, na ukijumlisha ada ikafika milioni 32 na nusu. Kwa viatu ambavyo wala huwezi kuvivaa kwenda sokoni.

Au yule papa wa filamu ya *Jaws*. Kule Los Angeles, mwaka 2021, walifungua jumba kubwa la makumbusho ya sinema, na humo amening'inizwa papa mrefu kuliko daladala, ametolewa kwenye kalibu ile ile ya papa wa filamu ya 1975. Kabla ya kupandishwa cheo, papa huyo alikaa miaka na miaka kwenye yadi ya vyuma chakavu. Yadi ya vyuma chakavu, bwana! Kama angekuwa Dar, angekuwa pale Gerezani, na fundi angeshamkata akatengeneza matangi mawili ya maji.

Karibu zaidi na kwetu, kule Kampala, kuna kitongoji kinaitwa Wakaliga. Mtu mmoja, Isaac Nabwana, alianzisha hapo studio ya filamu za mapigano nyumbani kwake, na dunia ikaipa jina la Wakaliwood. Fundi wake wa vifaa, Dauda Bisaso, anachomelea bunduki kwa vyuma chakavu, bunduki ambazo ukiziona kwa mbali unaweza kuinua mikono. Damu wanaijaza kwenye kondomu, wanaificha chini ya shati, risasi "ikigonga" inapasuka. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuiona ile yadi, kushika zile bunduki, na kama wana bahati wanauawa mbele ya kamera, kisha wanarudi makwao wakiwa na furaha. Mwaka 2022 kundi hili lilialikwa hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta.

Lakini hata hapo kuna jambo la kuumiza. Filamu iliyowapa jina, *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, nakala yake ya asili haipo. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile ya DVD, yenye sauti ya VJ Emmie akichombeza juu yake. Bunduki za bandia zipo, filamu ya asili imekwenda.

Sisi wa Dar kwetu ni kinyume. Filamu zetu nyingi bado utazipata YouTube, zimekatwakatwa, zimewekewa matangazo ya kamari, lakini zipo. Vitu vyake ndivyo huvioni. Na hapa ndipo nilipotaka kufika, maana nimelizungusha jambo hili kichwani tangu Jumamosi: vitu havipo kwa sababu havikuwa vyetu. Viliazimwa.

Muulize yeyote aliyefanya kazi kwenye lokesheni miaka ile ya moto, kati ya 2003, ilipotoka *Girlfriend* ya George Tyson, na kufa kwa Kanumba mwaka 2012. Atakwambia. Suti ni ya mwigizaji mwenyewe, aliyonunua mtumba Karume akaipeleka kwa dobi. Gari ni la rafiki wa prodyuza, na rafiki yuko pale pale nyuma ya kamera, anatazama mlango usifungwe kwa nguvu. Gauni la harusi limekodiwa, saa kumi na mbili jioni lirudi, kesho lina bibi harusi wa kweli. Nyumba ya kitajiri ni ya mtu wa Mbezi Beach aliyekubali kwa siku tatu, na ukitazama kwa makini utaona picha za familia yake zimegeuziwa uso ukutani. Kuna kochi moja, nadhani lilikuwa la rangi ya maziwa, mimi na mke wangu tuliliona kwenye filamu tatu tofauti. Mke wangu akawa analiita mwigizaji bora msaidizi.

Damu ilikuwa sharubati nyekundu. Mzimu ulikuwa poda ya watoto. Filamu za kutisha kama *Nsyuka* ya Mussa Banzi zilitulaza na taa usiku kucha, na ukiuliza zile sura zilipatikanaje, ni rangi, poda, kitambaa na kipaji. Vikishaoshwa bombani hakuna kinachobaki cha kuweka kwenye kabati la kioo.

Nitawasimulia la jeneza. Nilisimuliwa na fundi seremala mmoja, jina lake nitalihifadhi, na mtaelewa kwa nini. Filamu za Kibongo haziendi bila msiba. Basi vijana wa filamu walimwendea wakamwomba jeneza la kuazima, wapige sini ya mazishi, walirudishe. Wakaelewana bei. Jeneza likaenda, likaliliwa, likaimbiwa, likatupiwa na udongo kiganja kimoja viwili, likarudi jioni lina vumbi. Fundi akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akalipiga vanishi upya, akalisimamisha mlangoni na wenzake. Wiki haikuisha, ikaja familia moja kutoka hospitali, wana haraka na huzuni yao, wakalichagua lile. Fundi akaninong'oneza: "Kaka, ningewaambia nini? Kwamba limeshazikwa mara moja?"

Kwa hiyo jeneza lile, lililoonekana kwenye maelfu ya televisheni, leo liko chini ya ardhi, limefanya kazi yake ya kweli. Makumbusho gani duniani yanaweza kulidai? Na zile suti zimechakaa zikiwa kazini, yale magari yamekwisha kwa kubeba watu, gauni lile limeolewa mara ngapi sijui. Studio za wenzetu zilikuwa na maghala. Ghala letu lilikuwa jiji zima, na jiji lilitaka vitu vyake virudi kabla ya magharibi.

Ndipo nikarudi kwenye kava. Katika yote yaliyoifanya filamu ya Kibongo, kava ndilo lilikuwa lake peke yake. Halikuazimwa kwa shemeji. Lilichorwa kwa ajili ya filamu hiyo tu, likachapwa kwa ajili ya filamu hiyo tu. Naam, nakubali, lile ghorofa la nyuma lilichotwa kwenye intaneti, na ile ndege ya kijeshi inayopita juu ya kichwa cha mhusika mkuu haikuonekana kwenye filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mpangilio ulikuwa wetu, na ulikuwa na sheria zake kama kanga ilivyo na sheria zake. Uso wa nyota katikati, mkubwa, unatazama mbali. Mwanamke analia upande wa kushoto. Mama mkwe kwa juu, macho makali. Chini moto unawaka, hata kama filamu inahusu mirathi. Jina la Kiingereza kwa filamu ya Kiswahili: *The Shock*, *This Is It*, *Devil Kingdom*. Kisha sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwa kasha lake na bei yake, ili hadithi ikufikishe mlangoni na kukufungia. Miaka ya mwisho ikaongezeka ile stempu ya kodi ya TRA, iliyotenganisha mzigo halali na wa wezi, ingawa wezi nao walijifunza.

Waliochora makava hayo walikuwa vijana waliokaa kwenye vyumba vidogo vya juu, Kariakoo hii hii, kompyuta moja, feni moja, nyuso mia. Filamu ilianzia popote, Sinza, Kigogo, Tanga kwa Mzee Majuto, lakini mlango wa kuingilia sokoni ulikuwa Kariakoo. Wasambazaji wakubwa kama Steps Entertainment walikuwa na nguvu ya kuamua filamu ipi itoke na lini, na wapo wasanii ambao mpaka leo wakilitaja neno "msambazaji" wanameza mate kwanza. Mfanyabiashara wa Mwanza, wa Mbeya, hata wa Bujumbura na Lubumbashi, aliagiza kwa kuangalia kava. Hakuwa na muda wa kuitazama filamu. Kava ndilo lililoongea, kwa hiyo ilibidi lipige kelele.

Na kava lilikuwa na maisha ya pili. Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, jiji hili lilisimama. Mliokuwepo Leaders Club mnakumbuka ule umati, na safari ya kwenda makaburi ya Kinondoni. Baada ya hapo makava yake yalitoka kwenye makasha yakapanda ukutani. Niliyaona saluni kwa kinyozi, niliyaona kwa mama ntilie juu ya ndoo ya maji, niliyaona ndani ya vioo vya daladala yakiwa yamekunjwa pembe. Watu hawakuwa na picha yake nyingine. Wengine tuna picha za marehemu wetu zilizopigwa studio. Yeye picha yake ya ukumbusho ilikuwa tangazo la filamu, amevaa suti ambayo pengine hata haikuwa yake.

Kabla ya DVD kulikuwa na kanda, za VHS, na hizo nazo zina historia inayostahili kabati. Mnamkumbuka Lufufu? Kapteni Derek Mukandala, yule aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe, anamsemea Mchina, anamsemea Mmarekani, katikati anaweka na lake. Vibanda umiza vilijaa kwa sababu yake, watu wamebanana kwenye mabenchi, jasho linawatiririka, kuku wa jirani anakatiza. Zile kanda zake ni kazi ya sanaa kamili. Kanda ya VHS katika joto na unyevunyevu wa pwani haina maisha marefu: gundi inayoshikilia ule unga wa sumaku hunyonya maji, inalainika, kanda inanata, na ukiiingiza kwenye deki inajichubua yenyewe. Ukungu nao unaota kama kwenye mkate. Diski za kuchoma nyumbani hazina afadhali, rangi yake ya ndani inafifia hata zikikaa gizani.

Ukirudi nyuma zaidi, upotevu unakuwa wa aibu. Mwaka 1935 hadi 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, zikapatikana 35 hivi. Zinazojulikana kusalia ni tatu, na ziko London. Miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, mojawapo ni *Muhogo Mchungu*, na mwigizaji wake nyota alikuwa kijana mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Kawawa huyo huyo, Simba wa Vita, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Nchi ngapi zina Waziri Mkuu aliyekuwa nyota wa sinema kabla ya kushika siasa? Kofia aliyovaa mle, shati, hata kipande cha tangazo lililobandikwa mnazini, kingekuwa leo kinapigiwa foleni. Halafu ikaja Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, mali ya umma, iliyotupa *Fimbo ya Mnyonge* katika miaka ya 70. Ukimtajia mwanafunzi wa leo jina la kampuni hiyo anadhani ni chaneli ya YouTube.

Sasa, Jumamosi ile sikurudi mikono mitupu. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, nikaingia kichochoro karibu na Mtaa wa Sikukuu kumtafuta fundi redio, kwa sababu redio yangu ya jikoni imeanza kukoroma na siwezi kuja hapa kuwasemesha nyinyi kama mimi mwenyewe nyumbani sijisikii. Fundi ni mzee, chumba chake kina upana wa mlango mmoja na nusu. Nikainua macho. Ukuta wote wa nyuma, kuanzia meza hadi darini, umebandikwa makava ya filamu. Kanumba, Ray, Johari, Mzee Majuto kafungua mdomo, hata kava la filamu ya Kinaijeria moja limejipenyeza. Yamefifia upande unaopigwa na jua, upande wa kivulini bado yanang'aa.

Nikamuuliza, "Mzee, hii ni hazina. Umekusanya tangu lini?"

"Hazina gani? Plasta ilikuwa inadondokea kwenye redio za watu."

Alipewa boksi zima na jirani wa fremu ya mbele, aliyekuwa akihama kwa sababu ya kilemba kupanda. Yaliyobaki, alisema, mkewe aliyafungia karanga mpaka yakaisha. Nikamwambia nanunua moja. Akasita, si kwa thamani, bali kwa sababu likitoka plasta itamwagika. Tukazungumza. Nikaahidi kumletea karatasi ya kalenda ya kuziba pengo. Akachukua kisu chembamba cha kubandulia sakiti, akalitoa taratibu sana, pembe baada ya pembe, kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. *Uncle JJ*. Kanumba anacheka.

Kuna watakaosema karatasi ni karatasi. Kariakoo ni mahali pa kuuza, si pa kutunza, hilo nalijua kuliko wengi. Hata lile soko lenyewe, kazi ya mkono wa Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na ambalo wasanifu majengo husafiri kuja kulitazama, moto uliliingilia usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Nyumba za Kiswahili tulizokulia zinabomolewa kila mwezi, zinapanda ghorofa, na kila nyumba inayobomolewa ina boksi moja chini ya kitanda ambalo mjukuu analibeba hadi kwenye kifusi bila kulifungua.

Mwendo wa dakika chache tu kutoka Msimbazi, Mtaa wa Shaaban Robert, ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Ndani yake limetunzwa fuvu la Zinjanthropus lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, umri wake miaka milioni 1.75. Watu wanaojua kutunza mfupa wa umri huo hawatashindwa na karatasi ya mwaka 2008. Wanachohitaji ni sisi tuwapelekee, na wao watenge kabati moja, kisha chumba, tutaona mbele ya safari. Bodi ya Filamu nayo isisubiri wasanii wafe ndipo ipige picha nguo zao. Na nyinyi wasanii wenyewe, nawajua baadhi yenu mnanisikiliza, ile skripti yenye madoa ya chai na maandishi ya dairekta pembeni msiiwashie jiko. Ile kofia, ile miwani, kama kwa bahati vilikuwa vyako na hukuazima, viandike jina la filamu na mwaka uviweke.

Na wewe msikilizaji, kabla hujamwita mtu wa chupa na makopo aje asafishe stoo, fungua lile boksi kwanza. Kava lolote, kanda yoyote yenye sauti ya Lufufu, tangazo lolote la filamu lililokunjwa mara nne. Usilibandike kwa gundi, usiliweke juani, liweke ndani ya bahasha kavu, mbali na sakafu. Andika nyuma, kwa penseli maana wino unapenya, umelipata wapi na lini.

Mpwa wangu nimemwambia kava nitamwazima tu, akimaliza kazi yake alirudishe. Nyuma yake nimeandika: Kariakoo, kichochoro cha Mtaa wa Sikukuu, limetoka ukutani, shilingi elfu mbili na kalenda moja.